Siku Mjukuu Wangu Aliposema Anachotaka kwa Kikorea

Siku hiyo sebuleni kwangu hapa Kapsoya, Eldoret, tulikuwa watu watano, na ninakumbuka kila mmoja alivyoketi. Wa kwanza ni mimi mwenye nyumba, nilikuwa kwenye stuli karibu na mlango wa jikoni. Wa pili ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, ndiye aliyekuwa mezani mbele ya kompyuta. Wa tatu ni mwanangu wa kiume, mjomba wake. Binti yangu alifariki huyu mtoto akiwa darasa la kwanza, na tangu hapo mjomba ndiye amesimama mahali pa mzazi. Wa nne ni mwalimu wake, mama Mkorea ambaye alikuwa akifundisha vijana lugha ya kwao katika ukumbi wa kanisa mjini. Wa tano ni rafiki yangu wa kwaya, anakaa Kimumu. Huyo hakuwa na uhusiano na mambo yale, ila kompyuta ilikuwa ya kijana wake, na alisema haitoki nyumbani bila yeye kuandamana nayo.

Majina yao wote ninayo. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, kwa hivyo vitu vingi sikuviandika, niliviweka kichwani, na jina likiingia kwangu halitoki. Hata fundi aliyetia mlango wa nyumba hii ninamjua jina, na la baba yake pia. Lakini mjukuu wangu ameniomba nisitaje mtu. Siku hizi yeye akiomba kitu anakiomba waziwazi, na mimi nimejifunza kumsikia, basi nimekubali.

Hakuwa hivyo zamani. Mimi mwenyewe ndiye niliyemlea awe mtoto asiyesema nataka.

Kwetu sisi tuliotoka upande wa magharibi, mtoto mwenye adabu haombi kitu kwa nyumba ya watu. Akiulizwa kama atakula, anasema ameshiba, hata kama tumbo linanguruma watu wanasikia. Hakuna haja ya fimbo. Unamkata jicho mara moja tu, anaelewa. Akiwa na miaka saba nilimpeleka kumwamkua wifi yangu, alikuwa amepanga chumba kule Huruma. Wifi akamuuliza, "Mama, utakunywa chai ama soda?" Mtoto akasema bila kupepesa, "Nataka soda nyekundu." Nikamkata jicho. Soda ikaletwa, ikafunguliwa, akaishika mapajani kwa mikono miwili mpaka tulipoaga, na hakuonja hata tone. Wifi akaniambia mlangoni, "Huyu mtoto amelelewa." Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyepewa cheti. Sasa nikiikumbuka ile chupa iliyopata joto mapajani mwa mtoto, sijisikii vile nilivyojisikia siku ile.

Alipomaliza kidato cha nne alikaa nyumbani muda, akinisaidia kuuza mboga. Ndipo mjomba akasikia kuna chuo Korea kinachochukua vijana kutoka nje, kinawafundisha kazi mbalimbali, moja ikiwa kutunza wazee. Alimtafutia lile darasa la lugha, akajaza fomu mwenyewe, akaandika kutunza wazee. Basi sote tukaanza kusema mtoto anataka kutunza wazee. Nilisema kanisani. Nilisema kwa simu kwa watu wa nyumbani. Mtu akiniuliza, "Na yeye mwenyewe anaonaje?" nilijibu, "Anataka sana." Nikijaribu kukumbuka siku aliyoniambia hivyo, siioni.

Lugha yenyewe aliishika haraka kuliko nilivyotarajia. Alikata makalenda ya zamani vipande vipande, upande mmoja akaandika yale maandishi yao ya viduara na vijiti, upande wa pili akachora picha, kwa sababu nilimwambia mimi siwezi kumsaidia bila picha. Nilikuwa nachambua maharagwe huku namwinulia kadi. Picha ya miguu, anasema kago, maana yake kwenda. Picha ya sahani, anasema mokko, kula. Picha ya mkono umeshika mkono wa mtu mwenye bakora, anasema tolbogo, kutunza. Picha ya spana, anasema kochigo, kutengeneza kitu kilichoharibika. Kila moja ya hizo ukiiongezea shipoyo mwishoni, umesema unataka kufanya kitu hicho. Kago shipoyo, nataka kwenda. Mokko shipoyo, nataka kula. Mimi mzee wa darasa la tatu nilizijua zote arobaini na mbili, na sijisifu.

Shida ilionekana darasani. Mwalimu alipika wali, akauviringisha kwa majani meusi ya baharini, akaukata vipande vizuri akaupanga mezani. Vijana walikuwa kumi na wawili. Akamuuliza kila mmoja kwa Kikorea, unataka kula nini? Alitarajia waseme mokko shipoyo wapewe. Wa kwanza akasema, kwa Kikorea kisicho na kosa, ameshiba. Wa pili akasema ameshiba. Wote kumi na wawili, mpaka wa mwisho, walikuwa wameshiba, na ilikuwa saa saba mchana. Mwalimu akafunika sahani. Darasa lilipoisha akachungulia dirishani akawaona wote kumi na wawili getini wamemzunguka mama wa mandazi.

Mjukuu wangu alinisimulia akicheka. Nilimuuliza, "Na wewe ulitaka ule wali?"

"Kukhu," akaniambia, hivyo ndivyo sisi tunamwita bibi, "nilikuwa nautamani mpaka macho yaliniuma."

Wiki iliyofuata mwalimu alikuja nyumbani. Hakupiga simu, alikuja tu, kama mtu wa hapa. Alikuwa ameishi Eldoret miaka mingi na Kiswahili chake kilikuwa safi, ila alikisema polepole, kila neno akiliweka chini kabla ya kuchukua lingine. Nikamkaribisha chai, akakataa. Nikamkaribisha tena, akakataa. Mara ya tatu sikuuliza, nilimimina, naye akapokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa.

"Mama, nilikuwa naitaka tangu mlangoni," akasema.

"Nilijua."

"Kwetu pia mgeni anakataa kwanza. Mama yangu angenifinya kama ningepokea mara ya kwanza."

Tukacheka wote wawili, na hapo ndipo nilianza kumpenda. Nilikuwa nimefikiri watu wa mbali hivyo hawana adabu inayofanana na yetu. Kumbe ni watu wa kukataa chai.

Kisha akaniambia kilichomleta. Mtoto anajua maneno, anaandika, anasoma, lakini chuo kitamhoji kwa kompyuta, na swali moja lazima litakuja: wewe unataka kufanya nini? Kila akimjaribu na swali hilo anaangalia chini, ananyamaza, au anasema chochote ambacho mwalimu ataona kinafaa. "Wale wataona hajui lugha," akasema. "Watamwacha. Na mimi najua anajua. Nimefundisha wengi, huyu ndiye bora, lakini akinyamaza siwezi kumsaidia."

Nikasema, "Mimi ndiye niliyemnyamazisha." Nikamweleza habari ya jicho.

Hakunilaumu. Aliniambia kwao pia watu hawapigi kelele juu ya wanachotaka. Kuna neno la kutaka kwa nguvu, na watu wanaliogopa kidogo mbele ya wakubwa. Ndiyo maana hilo shipoyo linakaa mwishoni. Kwanza unataja jambo lenyewe, kula, kwenda, kusoma, halafu nyuma yake unaweka haja yako polepole, kama mtu anayeweka kikombe mezani bila kugonga. Ukitaka kupewa unasema chuseyo, na hiyo ina heshima ndani yake, huwezi kuitoa. Akasema hata mtu aliye mbali uliyemkumbuka, wanamwambia nataka kukuona, na hiyo peke yake inatosha.

Lililonishika zaidi ni hili. Akasema, "Kwetu, Mama, nikitaka mimi nasema nataka. Lakini wewe ukitaka, mimi siwezi kusema hivyo hivyo tu juu yako. Sikuingia moyoni mwako. Lazima niseme unaonyesha kutaka, naona dalili."

Niliweka kikombe chini. Nilikuwa nimezeeka sijawahi kusikia kitu kama hicho. Watu walikaa mahali fulani, zamani sana, wakakubaliana kwamba moyo wa mtu ni chumba chake na wewe unaishia mlangoni, na wakaliweka jambo hilo katika mazungumzo ya kila siku, hata mtoto anayenunua chumvi analifuata. Niliwaheshimu. Tena nikawaonea haya, maana nilifikiri nimemsemea mjukuu wangu mara ngapi kanisani.

Tangu siku hiyo tukafanya mazoezi kwa njia yangu. Nilimwambia nyumba hii kuanzia leo hupewi kitu usipokiomba kwa Kikorea. Maji, chuseyo. Ugali, chuseyo. Siku ya kwanza alilala na njaa kidogo, kwa sababu hakuweza kunitazama usoni akisema anataka kula. Siku ya pili alisema akiwa amegeukia ukuta. Mwisho wa wiki alisimama mlangoni mwa jikoni akasema mokko shipoyo akiangalia moja kwa moja kwenye sufuria, nikampakulia nyama mara mbili, na nilikuwa karibu kulia, lakini nikasingizia kitunguu.

Siku moja akanigeuzia. "Na wewe Kukhu, unataka nini?"

"Nataka upite mahojiano."

"Hiyo ni yangu. Yako."

Nikafikiria. Nikafikiria tena. Maharagwe yakaisha kuchambuliwa. Mwishowe nikasema nataka chai ya tangawizi, akaenda kuipika, akaniambia angalau tumeanza na kitu.

Sasa nirudi siku yenyewe. Ilikuwa saa tatu asubuhi kwetu, kwao saa tisa alasiri. Mwanangu alifika amevaa koti la harusi, akaketi kwenye kochi kubwa katikati. Rafiki yangu wa kwaya alifuta kioo cha kompyuta kwa leso yake. Mwalimu alikaa pembeni ambapo kompyuta haimwoni. Mjukuu wangu alivaa blauzi nyeupe ya shule, ile iliyobanduliwa beji.

Wahoji walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke. Wakasalimiana, wakainama, mtoto akainama hadi nywele zikagusa meza. Waliuliza jina, familia, mji. Alijibu. Niliyasikia maneno niliyoyajua yakipita moja moja kama watu unaowafahamu sokoni. Halmoni, hiyo ni bibi, ni mimi. Nikakaa wima.

Kisha yule mwanamke akauliza swali. Sikulielewa lote lakini nililijua, kwa sababu mwalimu aliacha kupumua.

Tulilokuwa tumelifanyia mazoezi ni tolbogo shipoyo, nataka kutunza. Mwanangu akasogea mbele kwenye kochi. Kisha mtoto akasema, taratibu, kila mtu akasikia: kigye, mashine, halafu kochigo shipoyo.

Nikaona ile kadi ya spana ikiinuka mbele ya macho yangu.

Wengine hawakujua. Mwanangu alitabasamu kwa sababu sauti ilitoka vizuri. Rafiki yangu alitabasamu kwa sababu mwanangu ametabasamu. Mimi na mwalimu tu ndio tuliojua kwamba mtoto ameacha fomu ya mjomba na kusema lingine. Na sasa niseme ukweli wangu wote: jicho lilitoka lenyewe. Sikuliita. Miaka yote ile ya kumkata jicho, mwili wangu ulijua kazi yake kabla sijaamua. Mtoto akaliona, kwa maana stuli yangu ilikuwa upande wa kushoto wa kompyuta na yeye alikuwa ameinua uso. Tukaangaliana.

Safari hii hakushika chupa mapajani. Akageukia kompyuta, na yule mwanamume alipouliza tena, inaonekana alitaka kuhakikisha, mtoto akarudia, kochigo shipoyo, halafu akaendelea kueleza, mbio sasa, mikono ikichora gurudumu na uzi hewani. Nikaelewa. Alikuwa anaeleza mitambo ya kufuma nguo. Mimi nilifanya kazi kiwandani hapa Eldoret ujana wangu wote, kwenye mitambo hiyo, na huwa namsimulia jinsi ilivyokuwa ikisimama na sisi wanawake tukimsubiri fundi mwanamume aje. Nilidhani namsimulia tu ili asilale.

Wahoji wakazungumza wao kwa wao. Wakaandika. Wakainama, tukainama sote, hata rafiki yangu, na kioo kikawa cheusi.

Mwanangu akapiga makofi mara moja. "Mwalimu, amesema vizuri?"

Mwalimu aliangalia mikono yake. "Amesema anachotaka."

"Vizuri basi. Kutunza wazee."

"Hapana, Mjomba," mtoto akasema. Hakugeukia ukuta. "Nimewaambia nataka kujifunza kutengeneza mitambo ya kufuma. Chuo hicho hicho, wanafundisha. Nimewaambia fomu ilijazwa kwa niaba yangu na ninaomba kubadilisha."

"Nani amekuambia unataka hivyo?" mwanangu akauliza.

"Hakuna."

"Sasa wewe unasimama mbele ya wageni, watu wa nchi nyingine, unanifanya mimi mwongo?"

"Hukudanganya, Mjomba. Hukujua. Sikuwahi kusema."

"Na wakikukataa? Kwa fomu ungeingia. Sasa unaweza kukosa yote mawili. Unaelewa hilo?"

"Ninaelewa. Nimelala nalo wiki tatu."

Rafiki yangu wa kwaya, ambaye hakuulizwa, akasema, "Mitambo ni chuma. Inahitaji mwanamume mwenye kifua."

"Mama," mtoto akamjibu kwa heshima kabisa, "hii kompyuta ya kijana wako ilikataa kuwaka asubuhi. Ni nani ameiwasha?"

Rafiki yangu akatazama leso yake.

Mwanangu akanigeukia. Yeye ni mtu mzuri, hajawahi kumtenga mtoto huyu na watoto wake, na nilijua alikuwa akisubiri nimnyamazishe msichana kama siku zote. "Mama, ulijua?"

"Sikujua. Nimejua leo pamoja na Wakorea."

"Basi sema kitu."

Nikasema, "Mimi nimemsemea miaka mingi, na kumbe nilikuwa nakosea. Leo amejisemea mwenyewe, kwa lugha ya watu, bila kutetemeka, wakati mimi mwenyewe nimemkata jicho. Mtu wa namna hiyo mimi siwezi tena kumsemea. Mimi nataka aende akatengeneze mitambo. Hilo ni langu, nimelisema."

Mwanangu alivua koti, akalikunja juu ya mkono, akaomba chai.

Walimhoji tena baada ya siku kadhaa, safari hii watu wa idara ya mitambo, na sisi wengine tuliambiwa tukae nje. Tulikaa kwenye ngazi, mwanangu na mimi. Alikuwa hasemi nami sana wakati huo. Tukasikia sauti ya mtoto inapanda na kushuka ndani, inacheka mahali, inaendelea. Mwanangu akasikiliza muda mrefu. Kisha akasema, "Kwangu hajawahi kuongea hivi." Nikamwambia, "Hatukumuuliza." Barua ilipokuja ya kumkubali, yeye ndiye aliyempeleka kuchukua pasi ya kusafiria, na alipanga foleni naye tangu asubuhi.

Sasa yuko huko mwaka wa pili. Hunipigia Jumapili baada ya kanisa, ananionyesha mikono yake ina mafuta ya mashine, na akiwa amechoka Kiswahili kinachanganyika na Kikorea mpaka namwambia achague moja. Ninalotaka ninamwambia. Nimeanza na tangawizi nimefika mbali kidogo.

Nimeandika nilivyoona kutoka kwenye stuli. Lakini nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu huona kwa jicho moja. Mwanangu anasema hakusema amefanywa mwongo, ati hilo nimeliongeza. Rafiki yangu wa kwaya anasema kompyuta ilikuwa imewaka tangu asubuhi na hakuna aliyeitengeneza. Mwalimu amehamia Kisumu na sijamuuliza kama mtoto alisema kochigo mara mbili au mara tatu. Mimi ninashikilia mbili. Kama ulikuwa ndani ya chumba kile na nimekosea, niambie, nitarekebisha. Mjukuu wangu nitamsomea yote kwa simu, na pale atakaposema, "Kukhu, mimi sikutaka hivyo," nitafuta niandike alivyotaka yeye.